Nati Isipungue Wala Isizidi
Somo kwa wanachama wa pikipiki: kukaza kwa kipimo



Somo letu la safari hii linahusu kazi ndogo ambayo kila dereva wa boda boda huifanya mwenyewe pale stejini bila kumwita fundi. Kazi hiyo ni kukaza nati. Tunabadilisha oili wenyewe. Tunavuta cheni wenyewe. Tunatoa plagi, tunaisafisha na kuirudisha. Tunafungua gurudumu kuziba pancha. Tunafanya hivyo kwa sababu fundi anataka pesa, na siku moja gerejini ni siku moja bila abiria, na jioni mwenye pikipiki anataka hesabu yake kamili.

Hilo si jambo baya. Mfanyakazi anayekijua chombo chake ni mfanyakazi wa kuheshimiwa. Lakini karibu sote tunakaza kwa desturi moja: kaza mpaka mkono uchoke, kisha ongeza kidogo. Desturi hiyo inaharibu pikipiki, inatuingiza katika madeni, na mara nyingine inamwaga damu. Somo hili litaeleza jinsi ya kukaza kwa kipimo, hata kwa yule asiye na kifaa cha bei kubwa.

Tunaomba kila tawi lilisome somo hili kwa sauti, kipande kwa kipande, na pikipiki iwe imesimama mbele ya watu.

1. KWA NINI CHAMA KINAFUNDISHA HABARI ZA NATI

Boda boda ilianzia mpakani Busia, kati ya Uganda na Kenya, katika miaka ya 1960. Wakati huo watu walivushwa kwa baiskeli. Baiskeli haina mwendo mkubwa. Nati ikilegea ilipiga kelele, dereva akashuka, akakaza, akaendelea. Leo tunabeba watu wawili au watatu na gunia juu ya injini, barabara ya lami ina malori, na barabara ya murramu ina matuta yanayotikisa kila kitu kilichofungwa. Nati ya ekseli ikitoka katika mwendo huo, hakuna nafasi ya kushuka na kukaza.

Sababu ya pili ni mashauri yanayoletwa mbele ya kamati zetu. Mara kwa mara huja shauri la namna hii. Dereva amepewa pikipiki kwa hesabu ya kila siku. Anabadilisha oili. Anapoirudisha bolti ya chini ya injini anaichomekea spana kipande cha bomba ili apate nguvu zaidi. Bolti ni ya chuma, lakini tundu limechongwa katika aluminiamu, ambayo ni laini. Nyuzi za tundu zinavutika bila yeye kujua. Safari inayofuata ya kubadilisha oili, bolti inazunguka bila kushika. Dereva anaiviringishia uzi wa plastiki, anairudisha, anaondoka. Kilometa chache mbele bolti inaanguka, oili inamwagika, injini inakwama. Mwenye pikipiki anataka dereva alipe injini yote. Dereva anajibu kwamba alipoipokea pikipiki hiyo bolti ilikuwa imekwisha kuharibika. Pengine anasema kweli. Lakini hakuna karatasi, hakuna shahidi, hakuna tarehe. Kamati inakaa pale na haina cha kushika mkononi.

Ndugu zangu, katika shauri kama hilo kuna mambo mawili yaliyokosekana: kipimo na daftari. Somo hili ni la hayo mawili.

2. NATI HUFANYA KAZI GANI

Watu wengi hudhani kwamba nati hushika kwa sababu imebanwa na nyuzi zake. Sivyo ilivyo. Chukua ule mpira wa tyubu tunaofungia mizigo kwenye keria. Ukiufunga bila kuuvuta, mzigo unacheza na kuanguka. Ukiuvuta kwa kadiri, unabana mzigo kwa sababu mpira wenyewe unataka kurudi. Ukiuvuta kupita kiasi, unakatika, au unalegea na hautarudi tena.

Bolti ni hivyo hivyo. Tunapokaza nati, bolti inavutika urefu wake kwa kiasi kidogo sana ambacho jicho haliwezi kuona. Kwa kuwa inataka kurudi, inabana vile vitu viwili pamoja. Kubana huko ndiko kunakofanya kazi. Kukiwa kidogo, vitu vile huteleza upande kwa upande kila pikipiki inapotikisika, na mtikisiko huo huirudisha nati nyuma kidogo kidogo mpaka itoke. Kukizidi, bolti huvutika moja kwa moja, haibani tena, na siku moja hukatika. Au bolti inabaki nzima na tundu la aluminiamu ndilo linalokufa.

Kwa hiyo kulegeza na kuzidisha ni ndugu wawili. Mwisho wao ni mmoja: kitu kinafunguka njiani.

Kuna jambo jingine la kujua. Nguvu tunayoitia katika spana haiendi yote kwenye kuvuta bolti. Katika sehemu 10 za nguvu hiyo, karibu sehemu 5 huliwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti au chini ya nati. Karibu sehemu 4 huliwa na msuguano wa nyuzi. Inabaki sehemu 1 tu ya kuvuta bolti. Kwa sababu hiyo nyuzi zenye kutu na mchanga hudanganya mkono: spana inakuwa ngumu, wewe unadhani umekaza, kumbe nguvu yote imeliwa na uchafu. Na nyuzi zilizopakwa oili hudanganya kwa upande wa pili. Msuguano umepungua, basi kipimo kile kile huivuta bolti kupita kiasi. Kanuni ni hii: safisha nyuzi kwa brashi na kitambaa, ziache kavu, ila pale kitabu cha pikipiki kinaposema upake oili.

3. KIPIMO CHENYEWE

Kipimo cha kukaza, ambacho mafundi wengine hukiita toki, ni nguvu unayotia ukizidisha kwa urefu wa spana. Hesabu hii ni ya shule ya msingi, na mtu yeyote aliyemaliza darasa la saba anaiweza.

Ukiusukuma mwisho wa spana yenye urefu wa sentimita 20 kwa nguvu ya kilo 10, umetia kipimo cha 10 mara 0.20, yaani kilo-mita 2. Vitabu vingi vya siku hizi hutumia nyutoni-mita, inayoandikwa Nm, kwa jina la Isaac Newton, mtaalamu wa Uingereza wa karne ya 17. Kilo-mita 1 ni sawa na Nm 9.8. Basi kilo-mita 2 ni karibu Nm 20.

Sasa chomeka bomba katika spana hiyo ili urefu uwe sentimita 60. Mkono ni ule ule, kilo 10 zile zile. Kipimo sasa ni karibu Nm 59. Umekaza mara tatu, na mkono haukuona tofauti. Ndiyo maana wenye viwanda hutengeneza spana namba 10 ikiwa fupi na spana namba 19 ikiwa ndefu. Urefu wa spana ni onyo. Anayechomeka bomba wakati wa kukaza amelifuta onyo hilo. Bomba linaweza kusaidia kufungua nati iliyokwama, lakini kukaza, hapana.

Tahadhari moja kuhusu vitabu. Vitabu vya zamani huandika kilo-mita. Vingine hutumia kipimo cha Waingereza cha futi na ratili, ambacho 1 yake ni karibu Nm 1.36. Kipimo cha 22 kwa futi na ratili ni karibu Nm 30. Mtu akisoma namba bila kusoma herufi zilizo mbele yake, atakaza pasipofaa. Soma namba, kisha soma herufi.

4. VIPIMO VYA KAWAIDA

Kitabu cha pikipiki yako ndicho hakimu wa kwanza. Kama pikipiki ni Bajaj, TVS, Honda au Yamaha, tafuta kitabu cha aina hiyo hiyo na namba ile ile ya injini, si cha jirani yake. Tawi likiwa na nakala moja kwa kila aina, inatosha watu wote.

Pale kitabu kisipotoa kipimo maalumu, vipimo hivi vya bolti za kawaida za chuma hutumika. Unene hupimwa kwenye nyuzi, si kwenye kichwa.

Unene wa milimita 5, kichwa cha spana 8: Nm 5.
Unene wa milimita 6, kichwa cha spana 10: Nm 10.
Unene wa milimita 8, kichwa cha spana 12 au 13: Nm 22.
Unene wa milimita 10, kichwa cha spana 14 au 17: Nm 34.
Unene wa milimita 12, kichwa cha spana 17 au 19: Nm 54.

Tazameni jinsi namba zinavyoruka. Bolti ya milimita 8 hutaka zaidi ya mara mbili ya ile ya milimita 6. Mtu anayekaza zote kwa nguvu moja lazima aikate ile ndogo au ailegeze ile kubwa.

Kuna sehemu ambazo zina kipimo chake na hazifuati orodha hiyo. Nazo ni plagi, bolti ya kutolea oili, ekseli za magurudumu mawili, nati za silinda hedi, na bolti za breki. Hizo usikisie. Kwa mfano, bolti ya kutolea oili ya milimita 12 katika pikipiki ndogo mara nyingi hukazwa kati ya Nm 20 na 30, ingawa orodha hapo juu inasema 54 kwa unene huo. Sababu ni ile aluminiamu. Aliyekariri orodha bila kufungua kitabu ataiua injini kwa kipimo sahihi cha mahali pengine.

5. KIFAA CHA KUPIMIA

Kifaa kinachofaa ni spana ya toki. Zipo za namna mbili zinazopatikana kwa urahisi. Ya kwanza ina mshale na kibao cha namba. Ukivuta, mshale unaonyesha kipimo. Ni ya bei nafuu na haina mengi ya kuharibika. Ya pili inatia mlio. Unaiweka kwenye namba unayotaka, unavuta, na inapofika hulia "tak". Hiyo ina masharti yake:

Kwanza, ikilia mara moja, acha. Wengi hupenda kuiliza mara tatu kwa raha ya kusikia. Kila mlio huongeza kukaza.

Pili, ishike kwenye mpini wake tu, na uvute polepole bila kuishtua.

Tatu, usiitumie kufungua nati iliyokwama.

Nne, ukimaliza, irudishe kwenye namba ya chini kabisa kabla ya kuiweka, ili springi ya ndani isichoke.

Tano, usiitumie kwa vipimo vidogo mno kuliko ukubwa wake. Spana ya Nm 200 haiwezi kupima Nm 10 kwa uaminifu.

Na kama hakuna spana ya toki? Tawi lisikate tamaa. Sokoni kuna mizani ya ndoano, ile ya springi inayoning'inizwa kupimia nyama na mahindi. Mizani hiyo, pamoja na spana ya kawaida na rula, inatosha kwa kazi nyingi. Fanya hivi:

(a) Ipime mizani yenyewe kwanza. Dumu la lita 20 lililojaa maji lazima lisome kilo 20 na uzito mdogo wa dumu. Isiposoma hivyo, tafuta nyingine.

(b) Funga spana kwenye nati. Pima kwa rula kutoka katikati ya nati mpaka mahali ndoano itakaposhika.

(c) Zidisha kipimo unachotaka kwa 10, kisha gawanya kwa sentimita ulizopima. Jibu ni kilo ambazo mizani itasoma.

(d) Vuta kwa mizani polepole mpaka isome kilo hizo, kisha acha. Mizani na spana lazima zifanye pembe ya mraba, kama herufi L. Ukivuta kwa kuinamia pembe ya nusu mraba, nguvu inayofika kwenye nati ni karibu sehemu 7 katika 10 tu.

Mfano wa kwanza. Kitabu kinasema nati ya ekseli ya nyuma ni Nm 60. Ndoano iko sentimita 30. 60 mara 10 ni 600. Gawanya kwa 30. Jibu ni kilo 20.

Mfano wa pili. Bolti ya oili ni Nm 24, na ndoano iko sentimita 20. 240 gawanya kwa 20. Jibu ni kilo 12.

Mfano wa tatu. Bolti ya milimita 6, Nm 10, spana fupi ya sentimita 12. 100 gawanya kwa 12. Jibu ni kilo 8 na kidogo. Kila mtu ajaribu huu wa tatu kwa mkono wake. Atashangaa jinsi Nm 10 ilivyo nyepesi, na ataelewa kwa nini bolti hizo ndogo hukatika kila siku.

6. UTARATIBU WA KAZI TATU

Kubadilisha oili. Injini iwe vuguvugu, isiwe ya kuunguza. Toa bolti, acha oili iishe, safisha bolti na mdomo wa tundu. Weka washa mpya, kwa sababu washa ya zamani imekwisha kubonyea. Anza kuizungusha bolti kwa vidole. Ikikataa kwa vidole, itoe na uanze tena. Usiilazimishe kwa spana, maana imeingia upande. Ikifika mwisho, kaza kwa kipimo. Tia oili mpya mpaka alama ya kitabu, kisha washa injini dakika moja na utazame. Ikivuja, usiongeze kukaza. Tafuta sababu: ni washa, ni mchanga, au ni nyuzi zilizokwisha. Nyuzi zikiwa zimekwisha, acha kazi na umwarifu mwenye pikipiki siku hiyo hiyo. Fundi mwenye vifaa anaweza kuchimba tundu na kuweka uzi mpya wa chuma. Uzi wa plastiki na gundi si matengenezo.

Kuvuta cheni. Hii ndiyo kazi tunayoifanya mara nyingi, na ndiyo yenye hatari kubwa, kwa kuwa lazima ulegeze nati ya ekseli ya nyuma. Katika pikipiki zenye breki ya dramu kuna pia ule mkono wa chuma unaolizuia bamba la breki lisizunguke na gurudumu. Nati yake nayo hulegezwa. Vuta cheni kwa skrubu za pande zote mbili, alama za kushoto na kulia ziwe sawa. Cheni ichezeke kwa kadiri ya kitabu, na kwa pikipiki nyingi ndogo ni milimita 20 hadi 30. Sasa kaza ekseli kwa kipimo, kisha upime cheni tena, kwa sababu kukaza huweza kuisogeza. Halafu rudi kwenye mkono wa breki, ukaze nati yake na uweke pini yake ya miguu miwili. Wengi huusahau. Mkono ule ukichomoka, utakapokanyaga breki bamba litazunguka pamoja na gurudumu, fimbo ya breki itapinda, na gurudumu laweza kukwama ghafla na abiria yuko nyuma yako.

Nati yenye meno ya kupitishia pini ikikazwa kwa kipimo na tundu lisilingane, endelea mbele mpaka jino linalofuata. Usirudi nyuma. Pini iliyokwisha kupindwa itupe, weka mpya. Msumari si pini.

Plagi. Injini iwe baridi. Puliza vumbi kwanza lisiingie ndani. Zungusha kwa mkono mpaka ikae. Plagi mpya yenye washa ikishakaa, ongeza karibu nusu mzunguko kwa spana. Iliyokwisha kutumika, washa yake imekwisha kubonyea, ongeza kiasi ambacho mshale wa saa husogea kwa saa moja. Kwa mwenye spana ya toki na hedi ya aluminiamu: plagi ya uzi wa milimita 10 ni Nm 10 hadi 12, ya milimita 12 ni Nm 15 hadi 20, ya milimita 14 ni Nm 25 hadi 30.

Kuhusu nati za silinda hedi, hiyo ni kazi ya fundi aliyefunzwa. Lakini jua jinsi inavyotakiwa, ili uweze kusimama pale ukatazama. Nati hukazwa kwa kupishana msalaba, si kwa kuzunguka duara, na kwa hatua mbili au tatu: kidogo, zaidi, kisha kipimo kamili. Fundi anayeimaliza nati moja kabisa kabla ya kuigusa nyingine anaipinda hedi.

7. ALAMA YA RANGI

Ukimaliza kukaza, chukua rangi ya kucha au rangi yoyote ngumu. Chora mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma kilicho chini yake. Asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, tazama mistari. Mstari ukiwa umekatika, nati imezunguka. Kazi hii haichukui dakika mbili. Anza na ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma, mkono wa breki, na bolti ya oili.

8. DAFTARI NA HAKI

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila pikipiki ya mwanachama iwe na daftari la shule, lenye safu sita: tarehe, kilometa, nati gani, kipimo gani, nani alikaza, nani alishuhudia. Mwandiko mbaya si kitu. Tarehe na sahihi ndizo zinazosema.

Siku ya kupokea pikipiki kwa hesabu, usiondoke na funguo tu. Wewe na mwenye pikipiki, au mjumbe wake, mkague pamoja bolti ya oili, plagi, ekseli na breki. Kilichoharibika kiandikwe, na wote wawili watie sahihi. Mwenye pikipiki mwaminifu atafurahi, maana daftari linamlinda naye. Akikataa kutia sahihi, andika tarehe na umwite mjumbe wa steji awe shahidi.

Wenye pikipiki wengine watasema: wewe si mfanyakazi wangu, umekodi tu, basi usalama ni juu yako. Tujue la kujibu. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 155 wa usalama na afya kazini mwaka 1981. Ibara yake ya 21 inasema kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi.  Mwezi Juni 2022, mkutano wa shirika hilo huko Geneva uliiweka kazi salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi za wafanyakazi, sawa na haki ya kuunda chama. Mkataba hautakuja wenyewe stejini kukukazia nati. Lakini ni msingi wa kudai, katika mapatano na wenye pikipiki, kwamba washa, pini na matengenezo ya nyuzi zilizochakaa vilipwe na mwenye mali, visikatwe katika jasho la dereva.

Vile vile tusimsahau abiria. Yeye hajui kipimo cha ekseli wala hakuuliza. Amekaa nyuma na mtoto mgongoni kwa sababu amekuamini. Dereva anayejua kwamba nati imekwisha nyuzi na bado anapakia, hana daftari litakalomtetea.

KAZI YA TAWI

Tunashauri kila tawi linunue spana moja ya toki kwa mchango wa wanachama, na mizani moja ya ndoano ya akiba. Ichaguliwe kamati ndogo ya watu wawili kuvitunza. Anayeazima aandike jina na saa. Kifaa kisitoke stejini kulala nyumbani kwa mtu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini bolti iliyokazwa kupita kiasi huweza kufunguka sawa na ile iliyolegea?

2. Kitabu kinasema Nm 40. Ndoano ya mizani iko sentimita 25 kutoka katikati ya nati. Mizani isome kilo ngapi?

3. Bolti ya oili inavuja baada ya kukazwa kwa kipimo. Taja mambo mawili ya kutazama kabla ya kuigusa spana.

4. Dereva amepokea pikipiki jana, na leo amegundua nyuzi za bolti ya oili zimekwisha. Afanye nini, kwa mpangilio gani, na nani awe shahidi?

5. Tawi letu lina wanachama wangapi, na kila mmoja akitoa kiasi gani tutapata spana ya toki mwezi huu?

Jibu la swali la 2 ni kilo 16. Majibu ya mengine yako ndani ya somo, ila la 5, ambalo liko mifukoni mwetu. Mkutano usifungwe kabla halijajibiwa.

Umoja ni nguvu.